Kamba ya Tatu Kutoka Mlangoni

Kaka mtu hakutaka kutoka wodini. Inspekta alimwomba kwa upole, akaeleza kwamba angependa kuzungumza na mgonjwa faragha, mwanamke kwa mwanamke. Kisha akamwomba tena kwa sauti ya kazini. Mara zote mbili yule bwana alitabasamu tu, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akaipuliza mpaka ikapoa, akamsogezea dada yake kikombe mdomoni. Alikuwa mhandisi wa mamlaka ya maji, shati limenyooka, na manesi waliopita walimwita Mhandisi kwa heshima zote, mmoja akamletea hata kiti kizuri zaidi.

"Mimi ndiye baba yake na ndiye mama yake, afande," alisema. "Tangu wazazi wetu wafariki nimemlea mwenyewe. Muulize kama anataka nitoke."

Binti alilala kaegemea mito. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea kemia, na alikuwa akiishi kwa kaka yake huyo tangu aanze masomo. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, na jicho la upande huohuo lilikuwa limevimba likabaki mstari.

"Akae tu," alisema.

Inspekta akameza hasira yake, akatoa karatasi. Alikuwa amekuja kwa sababu jalada lilipita mezani kwake asubuhi hiyo, limeandikwa na askari wa zamu neno moja tu chini kabisa: ajali. Hakuridhika nalo. Akamwomba binti aeleze upya.

"Mvua ilianza. Nikatoka kwenda paani kuanua nguo. Ngazi zilikuwa zimelowa, nikateleza." Aliyasema kwa pumzi moja, macho yakiwa kwenye plasta. Kisha akayainua, akamtazama Inspekta usoni. "Nguo zote zilikuwa bado juu. Kamba yetu ni ya tatu kutoka mlangoni."

"Hilo si la lazima, mdogo wangu," kaka yake alisema huku akimpapasa bega.

"Nimesema tu," alijibu binti. Halafu akauliza, "Wifi hajambo? Mbona hakuja?"

"Anapumzika nyumbani. Leo hii mtakuwa wote."

Inspekta aliliona lile bega likijikaza chini ya kiganja. Aliandika kila neno, na lile la kamba akaliandika pia, ingawa hakujua atalifanyia nini. Katika kazi yake alikuwa amesikia maelezo mengi ya kuanguka ngazini, na hakuna aliyewahi kumtajia namba ya kamba.

Daktari wa zamu alimkuta kwenye korido, macho mekundu, kikombe cha kahawa mkononi. Inspekta alimwuliza juu ya mkono. Daktari akatazama kushoto na kulia kabla hajajibu.

"Mtu akiteleza hutanguliza kiganja, kwa hiyo mara nyingi huvunjika hapa karibu na kifundo. Huyu amevunjika hapa." Akajigonga katikati ya mkono, upande wa kidole kidogo. "Ni pale panapopokea pigo mtu akijikinga uso. Na kuna ubavu uliowahi kuvunjika zamani ukajiunga wenyewe."

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika nilichokiona. Lakini yeye mwenyewe anasema ameanguka, na mtu anaweza kuangukia ukingo wa ngazi. Wakili wa hovyo tu atanimaliza mbele ya hakimu." Alikunywa kahawa yake. "Kitu kingine, afande. Ruhusa yake imeshaandikwa. Vitanda havitoshi, na kaka yake ameomba akamuuguze nyumbani. Madaktari wakishapita mchana, anaondoka."

Mchana haukuwa mbali. Alimwomba daktari amcheleweshe, na daktari akasema anaweza kudai anataka picha nyingine ya mkono, lakini picha haichukui siku nzima.

Simu ikaita hapohapo. Mkuu wa kituo alitaka kujua kwa nini mpelelezi wake mzima amekwama kwenye ugomvi wa familia. Mwanafunzi ni mtu mzima, alisema, na kama halalamiki, sisi ni nani tulalamike kwa niaba yake? Jioni asilione jalada hilo mezani. Inspekta aliitikia ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, kwa ile sauti ambayo mumewe nyumbani aliijua kuwa maana yake ni hapana.

Alikuwa anashuka kuelekea kwenye gari Mhandisi alipomfuata mbio, akihema kidogo. Hakupenda kumsingizia mtu, alisema, lakini iko haja polisi wamjue kijana mmoja pale chuoni, kiongozi wa darasa la dada yake. Juzi tu walionekana getini wakigombana mpaka watu wakajaa. Dada yake ni mpole, hawezi kumtaja. Ikiwa kuna mtu aliyemsukuma ngazini, waanzie huko.

Kumbe sasa kuna kusukumwa, Inspekta aliwaza. Alimshukuru sana akaingia garini.

Dereva wake alikuwa Koplo, mzee wa kazi aliyekaribia kustaafu, mwenye kitambi na maneno mengi. Alisikiliza habari yote kisha akasema Inspekta anapigwa chenga hadharani, chuo kiko upande mwingine wa mji na muda unayoyoma. Inspekta alijua hilo. Alijua pia kwamba asipokwenda, siku ya kesi ataulizwa kwa nini hakwenda, na jibu hatakuwa nalo.

"Endesha," alisema. "Na leo kanyaga mafuta kama unayewahi mshahara."

Kiongozi wa darasa wenzake walimwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona meno yake. Walimkuta nje ya maabara ya kemia, kavaa koti jeupe. Kuhusu siku ya mvua, hakuwa na cha kuficha: alikuwa humohumo maabarani tangu asubuhi mpaka jioni, akirudia jaribio lililomharibikia, na mwalimu wa maabara alithibitisha kwa kunung'unika, maana aliharibiwa siku yeye pia. Hapo njia ya Mhandisi ikafika ukingoni. Inspekta angeweza kuondoka, na Koplo alikuwa ameshawasha gari, lakini akauliza juu ya ugomvi wa getini.

Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema alimkasirikia kwa sababu alitaka aende kwa mshauri wa wanafunzi, naye akawa anaahirisha kila wiki. Darasani kila mtu alikuwa anajua na kila mtu alijifanya hajui. Joto likizidi maabarani wote hufungua makoti na kukunja mikono. Yeye hakuwahi kufungua hata kifungo kimoja.

"Siku ile ya getini aliniambia amepata chumba bwenini," Profesa alisema. "Alikuwa anakwenda kumwambia kaka yake kwamba anahama. Nikamwambia usimwambie, hama tu, nguo utanunua nyingine. Tukagombania hapo."

"Kwa nini hakuhama zamani?"

"Nilimwuliza hivyohivyo." Aliirudisha miwani usoni. "Akasema akiondoka yeye, zamu zote zitakuwa za wifi yake."

Inspekta alirudi garini. Sababu ya kupigwa alikuwa ameipata, lakini sababu haimzuii mtu kusukuma kiti cha magurudumu mpaka kwenye gari lake. Alitaka kitu kimoja kisichobishika, na alikitaka kabla madaktari hawajapita. Akasema waende kwenye jengo analoishi Mhandisi.

Lilikuwa jengo la ghorofa nne lenye ngazi moja ya saruji iliyochakaa katikati. Inspekta alizikagua ngazi akipanda. Kweli zilikuwa na utelezi, Mhandisi hakudanganya kila kitu. Mke wa Mhandisi alifungua mlango nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Joto lilikuwa kali, naye alikuwa amejizungushia mtandio shingoni mara mbili.

"Mvua ilianza, akatoka kwenda paani kuanua nguo, ngazi zilikuwa zimelowa, akateleza," alisema kabla hajaulizwa.

Maneno yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule. Koplo aligeuka akatazama ukuta.

"Na nguo zenyewe ziko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nguo gani?"

"Alizokwenda kuanua."

Jicho lilimtoroka wifi mtu, likaenda kwenye kochi nyuma yake, na Inspekta akalifuata kupitia upenyo wa mlango. Kulikuwa na rundo la nguo zilizokunjwa vizuri, na juu kabisa koti jeupe la maabara. Zilikuwa kavu, hazina kunyanzi hata moja la nguo iliyonyeshewa.

"Nani alizileta ndani?"

Mama wa watu akachungulia ngazini, chini, kisha juu.

"Pandeni juu, dada," alinong'ona. "Pandeni mpaka mwisho." Akafunga mlango.

Koplo alipanda akilaani magoti yake. Paani kulikuwa na kamba za kuanikia zilizofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kati yake mwanamke mnene akibana nguo za watoto, kila vazi likiwa jozi. Alikuwa Mama Pacha wa ghorofa ya juu. Alipoona kitambulisho cha polisi hakushtuka, aliendelea kubana, ila taratibu zaidi.

Inspekta alimwuliza kamba ya tatu kutoka mlangoni ni ya nani.

"Ya kwa Mhandisi. Kila nyumba na kamba yake hapa, usije ukaanika kwa mwenzio tukasikia mpaka mtaa wa pili."

"Mvua ikianza kila mmoja anakimbilia yake?"

Mama Pacha akacheka kidogo. Hapana, alisema, wangevunjana miguu. Utaratibu wao ni huu: mvua ikitonya, atakayewahi kufika paani anaanua kamba zote, halafu anashuka mlango kwa mlango anagawa. Hakuna anayeombwa wala kushukuriwa sana, maana kesho ni zamu ya mwingine. Binti wa kwa Mhandisi ndiye aliyekuwa akiwawahi wenzake mara nyingi, akiwa hana darasa. Kwa utani walimwita Daktari, kwa lile koti lake jeupe.

"Na siku aliyoumia, nani aliwahi?"

"Mimi." Mikono ya Mama Pacha ikatulia juu ya kamba. "Nilianua zote. Nikagonga kwao, akafungua mwenyewe Daktari."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alizipokea kwa mikono miwili, akataka na nyingine anisaidie kuzipeleka chini. Nikamwambia tulia, zimebaki za nyumba moja tu."

"Kaka yake alikuwepo?"

"Gari lake liliingia nikiwa bado kwenye korido. Tukapishana ngazini, hakunisalimia." Akachukua kibanio kingine. "Nikarudi juu kwangu. Nikaanza kusikia. Nikawasha redio."

Alisema hilo la mwisho akiwa amewapa mgongo. Baadaye Koplo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama wanaume wa jengo wanaujua utaratibu wa kuanua.

"Wataujuaje? Kuna aliyewahi kupanda huku?"

Koplo akakuna kichwa. Alikiri kwamba hata yeye, tangu aoe, nguo huziona kabatini na hajawahi kujiuliza zimefikaje.

Inspekta alikuwa ameshapindua ndoo na kuikalia, anaandika. Kalamu ilimkimbia. Aliyeutunga uongo huu hakuwahi kuanua nguo maishani mwake. Lakini aliyeurudia pale kitandani alikuwa ameanua nguo za jengo zima. Ile kamba alikuwa ametajiwa makusudi. Alimsomea Mama Pacha maelezo yake, na Mama Pacha, baada ya kuitazama kalamu kwa muda, akatia sahihi.

Waliposhuka, mlango wa Mhandisi ulikuwa wazi. Wifi mtu alisimama kizingitini, mkoba begani na koti jeupe mkononi.

"Amepiga simu sasa hivi," alisema. "Amesema niandae chumba, wanatoka huko."

Hakuna aliyemwambia afanye nini. Alifunga mlango mwenyewe, akashuka nao. Garini alilikumbatia lile koti njia nzima. Penye makutano kulikuwa na msongamano. Inspekta alimpigia daktari simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Akilini alimwona binti akishushwa kwenye gari jingine, akipandishwa zile ngazi, mlango ukifungwa nyuma yake.

Walipofika, kiti cha magurudumu kilikuwa kimeshatoka mlangoni mwa wodi. Binti alikuwa amekaa juu yake, kanga mapajani, na Mhandisi alikuwa nyuma, mikono kwenye vishikio. Daktari alimtazama Inspekta kwa macho ya mtu aliyeishiwa visingizio.

Inspekta alitembea taratibu, akajilazimisha kutabasamu. Alimwambia Mhandisi kwamba kijana wa chuoni ameshahojiwa, sasa anafunga jalada, na anahitaji maelezo mafupi yenye sahihi yake. Ni mambo ya karatasi tu. Mhandisi alifurahi. Wakaingia kwenye kijichumba cha nesi mkuu.

"Ulimkuta chini ya ngazi," Inspekta alisema. "Alikuwa na nguo mikononi?"

"Hapana. Alikuwa ndiyo kwanza anapanda."

"Kwa hiyo nguo zilibaki juu. Nani alizileta ndani?"

Mhandisi alisita kidogo sana. "Mimi. Nilipotoka kumleta hapa hospitali nilipanda, nikazianua. Zilikuwa chepechepe."

"Pole na kazi. Kamba ipi?"

"Ya tatu kutoka mlangoni," alisema, na akatabasamu kwa kulikumbuka.

"Zote zilikuwa pale? Na koti la maabara?"

"Zote. Na koti."

Inspekta akaandika, akamgeuzia karatasi. Mhandisi alisoma mstari kwa mstari, akasahihisha hata nukta moja, akatia sahihi nzuri ya mtu aliyezoea kuidhinisha mambo.

"Nguo hizo zilianuliwa na jirani yako wa juu," Inspekta alisema, akiikunja karatasi. "Alianua kamba zote, kama wanavyofanya siku zote hapo kwenu. Akamkabidhi dada yako mlangoni, zikiwa kavu. Gari lako lilikuwa ndiyo linaingia. Mlipishana ngazini na hukumsalimia. Dada yako alizipokea kwa mikono miwili, Mhandisi."

Mhandisi alisema yule mwanamke ni mmbeya. Alisema labda amechanganya siku. Kisha akainua kichwa.

"Muulizeni mke wangu. Mke wangu atawaambia."

"Yuko hapa. Amekuja nasi."

Mhandisi aligeuka kutazama mlangoni. Koplo alikuwa amesimama hapo, ameujaza wote kwa kitambi chake.

"Vua saa na mkanda, mzee," Koplo alisema. "Utaandikiwa risiti."

Wodini walikuwa wamemrudisha binti kitandani. Wifi yake alikaa ukingoni, amemwekea lile koti mabegani ingawa hakukuwa na baridi, na wote wawili walikuwa wametulia kwa namna ya watu wanaosubiri kuambiwa ni utani. Inspekta aliuvuta mlango ukajifunga.

"Kaka yuko wapi?" binti aliuliza.

"Yuko na Koplo. Leo hatalala nyumbani. Kuanzia kesho inategemea, na sitakudanganya, inategemea sana maneno yako."

Binti alimtazama wifi yake, akautazama ule mtandio wa shingoni, kisha akanyoosha mkono wake mzima akaufungua taratibu. Wifi hakumzuia. Chini yake kulikuwa na alama za vidole. Inspekta aliziona, akajilazimisha asiondoe macho.

"Ulinitajia kamba," alisema.

"Kaka alikuwa amekaa pale. Na wifi alikuwa peke yake nyumbani." Binti alilamba midomo iliyokauka. "Aliponifundisha cha kusema, nikaona amekosea. Nikakubali haraka asije akatafuta kingine. Askari wa kwanza aliandika akaenda zake. Ulipoingia wewe nikasema huyu labda atapanda. Ila nilikuwa naogopa sana kwamba hutapanda."

Inspekta akavuta kiti, akatoa karatasi mpya, akamwambia aanze popote anapoweza.

Binti alifikiri. Akauweka mkono wenye plasta juu ya mapaja, na ule mwingine juu yake.

"Mama Pacha aligonga," alisema. "Nikafungua, nikazipokea nguo kwa mikono yangu miwili."